Gitaa Jipya la Osewe

Jumapili ile Osewe alipopanda jukwaani na gitaa jipya, kuna watu walisimama juu ya viti ili walione vizuri. Lilikuwa na rangi ya damu ya mzee, linang'aa kama gari lililotoka kuoshwa, na ule mkanda wa begani ulikuwa bado unanuka duka. Alichomeka waya, akapapasa nyuzi mara moja, na sauti iliyotoka ilikuwa safi hata wapishi wakachungulia kutoka jikoni. Osewe akashika maikrofoni.

"Watu wangu," akasema, "kuanzia leo nimeacha kupiga mlango wa kabati!"

Baa nzima ilicheka. Wapo waliogonga meza. Wapo pia waliokuwa wameinua simu wakirekodi, na kabla ya jua kutua maneno yale yalikuwa yamezunguka Kibera yote, yakavuka Ngong Road, yakafika Kawangware.

Wakati huo Osewe alikuwa na miaka arobaini na minane. Siku za kazi alikuwa fundi wa kuchomelea, mwenye kibanda chake Lindi, hapo hapo Kibera, akitengeneza mageti, madirisha na milango ya vyuma. Lakini jina lake halikutokana na mageti. Lilitokana na Jumapili, saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, kwenye baa ya Obonyo pale Kisumu Ndogo, ambako yeye na wenzake watatu walipiga muziki wa benga. Mmoja alikuwa kwenye ngoma, mmoja kwenye besi, kijana Jeremy kwenye gitaa la pili, na Osewe mwenyewe kwenye solo. Katika kila wimbo kulikuwa na mahali ambapo waimbaji walinyamaza na Osewe akashuka peke yake, noti baada ya noti, kwa sauti yenye mkwaruzo kama ya mtu aliyekesha akiimba. Watu waliweka glasi chini. Mahali pale wenyewe walipaita "kidole cha Osewe." Mtu alitoka Sarang'ombe kwa miguu, na mvua inanyesha, kuja kusikiliza kidole cha Osewe.

Kwa miaka kumi na sita kidole hicho kilipiga gitaa moja tu, lililotengenezwa na Mutie.

Mutie alikuwa seremala Kawangware, mtu wa Kitui, mpole, mwenye macho ya kupima kila kitu kama ubao. Vitanda na makabati ndiyo yaliyomlisha. Magitaa alitengeneza kwa mapenzi tu, moja kwa mwaka, pengine lisiwepo hata moja. La Osewe alilichonga kwa kipande cha mvule kilichobaki kwenye kabati la mteja, na zile sumaku za kudaka sauti akazizungushia kwa mkono nyaya za pangaboi lililokufa. Rangi nyeusi alileta Osewe mwenyewe, ile ya kupaka mageti. Lilikuwa zito, pana, na kweli lilifanana na mlango wa kabati. Hilo kila mtu alilisema, lakini kwa miaka mingi lilisemwa kwa upendo.

Kila baada ya miezi mitatu au minne Osewe alilitia kwenye gunia, akatembea mpaka njiapanda ya Corner, akateremka Kawangware, akamwachia Mutie. "Likague," alikuwa akisema. Mutie alikaa nalo siku mbili, tatu. Osewe hakuwahi kuuliza linakaguliwa nini. Alilichukua likiwa limelainika, wakanywa chai ya Kalondu, mke wa Mutie, wakabishana kati ya benga ya Waluo na ya Wakamba ni ipi iliyoanza, na akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Kilichomharibu ni harusi moja. Kijana mwenye kamera alirekodi bendi na kuiweka mtandaoni, na chini yake watu wakaandika mambo. Wengi walisifu. Lakini mmoja aliandika, "Mzee anapiga mlango," na mwingine, "Hiyo gitaa iliokotwa dampo?" Osewe aliwasomea wenzake akicheka. Nyumbani alisoma tena peke yake na hakucheka. Alipomaliza kazi ya milango ya jengo zima la nyumba za kupanga, alivaa shati la Jumapili siku ya Jumatano akaenda mjini.

Duka lilikuwa na magitaa ya aina tatu. Yalikuwepo yaliyoning'inizwa mlangoni kwa ajili ya watoto wa shule, na yaliyofungiwa kwenye kioo, ambayo hata muuzaji aliyagusa kwa kitambaa. Katikati yalikuwepo mengine, na hapo katikati ndipo Osewe aliposimama. Elfu hamsini na nane.

"Hii ni gitaa ya kazi, mzee," muuzaji akamwambia. "Utaipiga mpaka wajukuu waikute."

Jumatatu baada ya ile Jumapili ya kicheko, alilipeleka lile jeusi Kawangware. "Toa spea zenye utahitaji," akamwambia Mutie. Mutie alilipokea kwa mikono miwili, akaliegemeza nyuma ya mbao. Kisha akaomba kuliona jipya. Alilinyanyua, akafumba jicho moja akaitazama shingo kwa urefu wake, kama anavyotazama ubao kama umepinda.

"Ni gitaa poa," akasema.

Osewe alingoja aseme zaidi. Mutie alimrudishia gitaa lake na kushika randa. Njiani Osewe alijiambia kwamba ni wivu, na jambo hilo halikumsikitisha hata kidogo.

*

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa fungate. Gitaa jipya lilining'inizwa ukutani juu ya kochi, pale ilipokuwa picha ya harusi, na picha ikahamia upande wa jiko, karibu na ndoo za omena. Magdaline, mke wake, alikuwa akiuza omena hatua chache tu kutoka baa ya Obonyo, na nyumba yao haikukosa harufu hiyo. Osewe alianza kulalamika kwamba mvuke wa samaki utaharibu rangi ya gitaa. Alilipangusa asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni aliporudi, kwa leso ya Magdaline, ile nzuri.

"Baba Whitney," Magdaline akamwambia siku moja, "miaka ishirini na tatu, hata mimi hujanipangusa hivyo."

Alisema kwa mzaha, na wote wawili walicheka. Mzaha uliisha kabla ya mwaka kugeuka.

Ilianza na sehemu moja. Katikati ya ule mteremko wake wa solo kulikuwa na noti tano zinazofuatana upesi, na ya nne ikaanza kupotea. Hakukosea wimbo, noti yenyewe ilikufa, ikatoka kama mlango uliofungwa kwa kitambaa. Osewe alisema nyuzi ni ngumu. Akabadilisha. Akasema nyuzi alizobadilisha ni feki, akabadilisha tena. Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, jua lilipokausha kila kitu, ncha za vile vyuma vyembamba vya shingoni zikachomoza na kumkwaruza kiganja. Alizipiga tupa mwenyewe kibandani kwake, kama anavyopiga geti, na akakwaruza rangi pembeni. Mwezi wa pili tundu la waya likalegea, likawa linapasuka sauti katikati ya wimbo. Akalikaza. Umeme wa Obonyo ulipopungua nguvu, gitaa likanguruma kama nyuki kwenye kopo. Akatafuta waya mnene zaidi.

Kila ubovu aliourekebisha ulikuwa wa kweli, na kila aliporekebisha mmoja alipanda jukwaani akijua leo mambo yamenyooka. Akafika kwenye zile noti tano. Ya nne haikuwepo.

Tena gitaa jipya halikuficha kitu. Lile jeusi lilikuwa na mkwaruzo wake, na noti iliyoteleza ilijificha humo ndani ya mkwaruzo watu wasijue. Hili lilikuwa safi kama maji ya chupa. Kosa likianguka ndani yake, hata aliyeketi karibu na choo alilisikia.

Wateja walikuwa wema. "Hiyo gitaa ina sauti ya kanisa," walisema. "Haina moyo." Osewe aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Akaanza kulitukana gitaa mbele za watu: tapeli wa kiwandani, sura nzuri tumbo bovu. Akalitoa ukutani akalisukuma chini ya kitanda. Siku ya pili Magdaline alikuwa ameirudisha picha ya harusi mahali pake.

Alilirudisha hata dukani. Muuzaji yule yule akalichomeka, akapiga vitu vyake vya haraka haraka, vidole vikikimbia kama panya juu ya bati.

"Mzee, hii haina shida."

"Iko na shida. Noti inakufa."

"Nionyeshe."

Osewe alitazama pembeni. Dukani kulikuwa na wasichana wawili wakijaribu kinanda. Akachukua gitaa lake akatoka.

*

Jumapili moja ya mwezi wa tano, saa kumi na nusu, bendi ilipumzika. Osewe aliacha gitaa kwenye kiti, akatoka nje mpaka kwa Magdaline, akasimama mbele ya meza yake akilalamika. Kanisa la upande wa pili wa barabara lilikuwa linaimba, na Magdaline alikuwa ameinama akimpimia mama mmoja omena kwa kopo, hakumwona akifika wala kumsikia.

"Hii kitu nitaiuza," Osewe alikuwa akisema. "Nitaiuza hata kwa hasara. Haikuundwa kwa benga. Iliundwa kwa watu wa—"

Sauti ikatoka ndani ya baa. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, ule wa kwanza alioutunga, na solo ilikuwa inateremka. Ilifika kwenye zile noti tano. Zote tano zilitoka, moja baada ya nyingine, zikiwa zimeshikana mikono, ya nne ikiwa ndiyo tamu kuliko zote.

Magdaline, kichwa bado kimeinama, kopo mkononi, akasema kwa furaha ya kweli, "Ala! Leo imekubali!"

Halafu akainua uso, akamwona mume wake amesimama mbele yake, mikono mitupu.

Yule mama alikuwa akingoja omena yake. Magdaline akamwongezea konzi moja asiyoombwa.

Ndani, Jeremy alikuwa amekaa kwenye kiti cha Osewe. Huyu Jeremy, kijana wa miaka ishirini na saba, Osewe ndiye aliyemfundisha kushika gitaa. Alikuja kwake hajui hata kutyuni. Alipomwona aliruka juu.

"Sori mzae. Uzi yangu imekatika, nikashika yako kidogo tu nitest." Lakini uso wake ulikuwa unawaka, hakuweza kuuzuia. "Mzae, hii gitaa ni tamu! Sijui mbona unaitusi."

Watu wa meza za mbele walikuwa bado wanapiga makofi. Osewe alilichukua gitaa, akalitia kwenye mfuko wake, akavuta zipu polepole mpaka mwisho. Alisema tumbo linamsumbua. Siku ile Jeremy alifunga uzi mpya, akamaliza Jumapili bila Osewe kwa gitaa lake la bei rahisi lililofungwa kwa utepe wa gundi, na hakuna aliyeondoka mapema.

*

Jumatatu Osewe hakufungua kibanda. Alitembea mpaka Kawangware, gitaa mgongoni. Miezi minane ilikuwa imepita tangu akanyage pale. Mutie alikuwa ameinamia mguu wa kitanda.

"Karibu," akasema Mutie. "Umepotea."

"Kazi, fundi. Kazi."

Kalondu alileta chai, akaweka kikombe cha Osewe chini bila ule utani wake wa siku zote, na akaketi mlangoni akichambua mahindi ya muthokoi.

"Hii kitu imenishinda," Osewe akasema. "Ifungue yote. Iko na ugonjwa ndani."

Mutie alipangusa mikono. Akalichomeka kwenye kispika kidogo alichokuwa nacho, akapiga kipande cha wimbo wa kwao Kitui. Kilitoka vizuri. Akapanda shingo yote, chuma kwa chuma, uzi kwa uzi, sikio limeelekea ukutani. Kisha akamnyooshea Osewe gitaa.

"Piga wewe. Ile pahali yako."

Osewe akapiga. Noti ya nne ikafa.

"Tena."

Akapiga tena.

"Tena."

Mara ya tatu ndipo Osewe alipogundua kwamba Mutie halitazami gitaa. Alikuwa anatazama mkono wake wa kushoto. Mutie akanyoosha mkono akazima kispika.

"Gitaa haina makosa, Osewe."

"Basi ni nini?"

"Ni hicho kidole."

Osewe alikitazama kidole cha pete kama mtu aliyeonyeshwa mgeni nyumbani kwake. Miaka saba nyuma, bawa la geti lilimteleza likakibana dhidi ya benchi. Alikifunga wiki tatu, akafungua, akaendelea na maisha.

"Kidole kilipona," akasema.

"Kilipona cha kushika kijiko."

"Lakini nimepiga miaka saba baada ya hiyo! Watu wametoka mbali kuskia hii kidole! Jana tu ndio ilikufa?"

Mutie alichukua penseli yake, akaanza kuichonga kwa kisu, ingawa ilikuwa imechongoka tayari.

"Mwambie," akasema Kalondu kutoka mlangoni.

"Kalondu, achana nayo."

"Siachi. Aliita kazi yako nini mbele ya watu? Mwambie vile ulikuwa unaacha vitanda za watu hapa, wateja wananifokea mimi, na wewe umeinamia shingo ya hiyo gitaa yake."

Basi Mutie akasema, akitazama penseli. Mara ya kwanza Osewe alipoleta gitaa baada ya kuumia, aliona kidole hakifiki. Hakusema. Aliipunguza shingo kidogo kwa randa, upande ule wa kidole kile, wembamba wa karatasi tu. Miezi minne baadaye kilikuwa kimezidi kukakamaa, akaipunguza tena. Aliteremsha nyuzi. Aliweka nyuzi nyembamba zaidi. Alizungusha sumaku upya, nyaya nyingi zaidi, ili hata mguso dhaifu upate sauti.

"Kila ukileta, kidole imerudi nyuma kidogo," akasema, "na mimi nasogeza gitaa mbele kidogo. Tumekuwa hivyo miaka saba. Nyuzi mwishowe zikawa chini sana hata zikaanza kukwaruza vyuma. Nilidhani utalalamika. Lakini watu walipenda."

Ule mkwaruzo. Ile sauti ya mtu aliyekesha akiimba. Osewe alikumbuka nyuso za watu wakiweka glasi chini, na kwa mara ya kwanza hakujua walikuwa wakimsikiliza nani.

Aibu ilipomjaa ilitafuta mlango, na mlango iliouona ni hasira.

"Kwa hivyo miaka saba umekuwa ukinidanganya."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Ungeniambia ningeenda hospitali mapema!"

"Hospitali nilikuambia mara mbili, ulipoumia. Ukasema uko na geti ya watu ya kumaliza."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli Osewe aliiruka. "Ile ya zamani iko wapi?"

"Niliivunja."

"Lini?"

"Hiyo wiki uliileta. Nilikuwa nimeona video."

"Fundi, ilikuwa utani ya jukwaani."

"Najua ni utani. Hata nilicheka, mara ya kwanza. Halafu nikaiangalia tena, na tena. Ulikuwa umefurahi sana, Osewe. Sijawahi kukuona umefurahi hivyo." Akapuliza unga wa penseli. "Sumaku nilipatia mtu wa kwetu. Mbao Kalondu alipikia."

"Ilishika moto vizuri," akasema Kalondu, na hakuinua macho kwenye mahindi yake.

Mutie ndiye aliyelegeza kwanza, kama ilivyokuwa tabia yake. Alilivuta lile gitaa jipya magotini, akapitisha kidole gumba nyuma ya shingo, taratibu, akipima. Ule upimaji Osewe aliujua sasa.

"Niachie hii," akasema. "Mbao yake si mbaya. Nipe wiki mbili. Nitaipunguza hapa na hapa. Haitakuwa kama ile, lakini utapiga."

"Kwa muda gani?"

"Miaka miwili. Labda mitatu, ukipunguza kushika grainda."

Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni mwa Osewe. Alikuja kukiri hivyo baadaye kwa mke wake: lilikuwa pale pale, nyuma ya meno. Lakini aliona Jumapili zote zilizobaki, yeye amesimama jukwaani, watu wanashangilia, na katika meza ya nyuma Mutie ameketi akijua. Na Kalondu akijua. Akasimama, akalichukua gitaa kutoka magotini mwa mwenzake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, hata uzi mmoja ukalia.

"Usiguse gitaa yangu," akasema.

Mutie alibaki na mikono yake wazi juu ya magoti. Chai ya Osewe ilikuwa haijaguswa.

*

Alikwenda kliniki hatimaye. Daktari mchanga alikikunja kidole mpaka pale kilipogoma, akaandika, akamwambia kiungo kimelika, angekuja mapema kungekuwa na la kufanya. Sasa ni maji ya uvuguvugu na mazoezi, ili kisizidi.

Mwezi wa saba Osewe aliiambia bendi kwamba kuanzia Jumapili ijayo yeye atapiga gitaa la pili na Jeremy atashika solo. Wakauliza kwa nini. Akasema, "Kijana apate nafasi. Mimi nimekula vya kutosha."

Obonyo, mwenye baa, alivutiwa sana. Jumapili hiyo alipanda jukwaani mwenyewe, tumbo mbele, akanyakua maikrofoni. "Hawa ndio wazee tunataka! Wengine wanang'ang'ania viti mpaka kaburini. Lakini huyu, omera, ndugu yangu, huyu ameachia kijana kwa hiari yake! Mpigieni makofi!" Watu walipiga makofi mengi kuliko yale ya siku ya gitaa jipya. Mzee mmoja alimwaga machozi. Osewe aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, akayapokea yote, na yalishuka tumboni kama maji ya betri.

Jeremy alimfuata nyuma ya jukwaa. "Mzae, siwezi lipa hii. Ila naomba tu kitu moja. Kwa vile wewe unapiga rithim, unaeza nikopesha hiyo gitaa siku za Jumapili? Hii yangu ni mbao ya kuni."

"Hapana," Osewe akasema.

"Ni Jumapili tu—"

"Nimesema hapana, Jeremy."

Hivyo ndivyo ilivyokaa. Kila Jumapili gitaa jekundu la elfu hamsini na nane lilishikilia mipigo mitatu ya kusindikiza nyuma, ile ambayo haihitaji kidole cha pete, na mbele kijana alitoa jasho akiteremka noti tano kwenye kibao kilichofungwa kwa utepe wa gundi. Kila mwenye macho aliona ujinga ule. Hakuna aliyeusema, kwa heshima ya mzee aliyeachia kijana kwa hiari. Baada ya wiki nne tano, watu waliokuwa wakitoka Sarang'ombe walianza kuuliza kama Jeremy atakuwepo.

Mutie, ambaye zamani alikuja Jumapili moja kila mwezi na kuketi nyuma na soda yake, hakuja tena. Watu wa Kawangware walipofika, Osewe aliwauliza habari za huku na huku, na jina lile halikumtoka.

Magdaline ndiye aliyemuuliza, asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, yeye akianika omena juu ya gunia na mume wake akiloweka mkono kwenye beseni ya maji ya uvuguvugu.

"Baba Whitney. Mutie alikosa nini?"

Osewe alifikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni, mfuko mmoja baada ya mwingine. Aligeuza mkono ndani ya maji.

"Hakuna," akasema.

"Basi pigia yeye simu."

Alipangusa mkono akapiga. Simu iliita muda mrefu, na aliyepokea alikuwa Kalondu. Alisema Mutie ameenda Kitui, mvua imenyesha, anapanda, na simu ameiacha.

"Nimwambie ulikuwa unataka nini?"

Kulikuwa na mambo mengi ya kusema. Magdaline alikuwa ameacha omena, anamtazama.

"Ni salamu tu," Osewe akasema.

"Nitamwambia," akasema Kalondu, na akakata.

Mvua za Kitui zilikwisha, Krismasi ikaja ikapita. Mutie hakupiga. Magdaline alimkumbusha mara mbili, kisha akaacha, na Osewe hakuishika tena ile simu kwa ajili hiyo.